Daftari Lililokaa Ujerumani

Kwa takriban miaka minane, pesa za M-Pesa zilikuwa na makao mawili. Pesa zenyewe zilikaa hapa Kenya, mwanzoni ndani ya akaunti ya amana katika benki ya Commercial Bank of Africa. Daftari la kuonyesha nani ana ngapi lilikaa Ulaya. Mwanamke wa Gikomba alipomtumia mamake shilingi 500 kule Siaya, pesa hazikusogea hata hatua moja. Kilichobadilika ni mistari miwili ndani ya hifadhidata, mmoja ukapungua na mwingine ukaongezeka, na kwa muda mrefu mistari hiyo ilikuwa ndani ya seva za Vodafone huko Ujerumani. Kisha simu mbili zikalia, moja Gikomba, nyingine Siaya.

Wengi wetu hatukujua. Ukweli ni kwamba hatukuwa na sababu ya kujua, kwa maana nani huuliza daftari la benki limewekwa kabati gani? Mimi nilianza kuuliza kwa sababu ya kazi. Hii ndiyo riziki yangu: natoa mifumo ya biashara kwa kompyuta kuukuu na kuipeleka kwa seva mpya, programu pamoja na hifadhidata yake, na kuhakikisha asubuhi ikifika mwenye duka anapata hesabu zake vile alivyoziacha jana. Ukifanya kazi hiyo kwa muda, unaanza kuona historia ya nchi hii kwa jicho la mhamishaji mizigo. Nani alikuwa ameshika daftari? Lilikaa wapi? Siku lilipohamishwa, nini kilipotea njiani?

Na hii habari ya daftari kukaa ng'ambo haikuanza na simu. Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki iliundwa Desemba 1919, na makao yake yalikuwa London. Bodi hiyo ndiyo iliyotoa florini mwaka 1920 baada ya rupia kuondolewa, kisha shilingi mwaka 1921. Zanzibar nayo iliiacha rupia yake na kuingia kwa shilingi mwaka 1936. Mkulima wa pamba Uganda au mchukuzi wa mizigo bandarini Mombasa alishika noti mkononi, lakini akiba iliyoipa noti hiyo nguvu ilikuwa pauni na hati za dhamana zilizowekwa Uingereza, na maamuzi yote yalifanywa huko. Ilikuwa hivyo kwa miaka 40. Bodi ilihamia Nairobi mwaka 1960, uhuru ukiwa unabisha hodi, na mwaka 1966 Kenya, Uganda na Tanzania kila mmoja akafungua benki kuu yake. Kuhama kwa mwaka 1960 ni kuhama kwa seva kabisa, ila tu seva yenyewe ilikuwa ya karatasi, wino na makarani. Sijaona wanahistoria wetu wakikaa sana juu ya tukio hilo. Wanapenda bendera. Mimi ningependa kujua nani alibeba yale masanduku.

Turudi kwa M-Pesa. Daftari lake lilikaa Ulaya kwa sababu lilizaliwa huko, hakuna aliyeliiba. Wazo lilikuwa la watu wa Vodafone, hasa Nick Hughes na Susie Lonie, wakisaidiwa na ruzuku ya karibu pauni milioni 1 kutoka shirika la maendeleo la serikali ya Uingereza. Programu iliandikwa na kampuni ya Sagentia ya Cambridge. Majaribio yalianza Oktoba 2005, Nairobi na Thika, na wateja wasiofika 500 wa Faulu Kenya. Lengo lilikuwa dogo: mtu alipe mkopo wake kwa simu badala ya kupanga foleni. Lakini wale wateja wakaanza kutumiana pesa kwa mambo yao, hata kwa watu wasio na mkopo wowote. Basi wenye mradi wakaona biashara iko hapo. Machi 6, 2007, Safaricom ikaifungua M-Pesa kwa kila mtu.

Hebu fikiria ile njia. Mwaka 2007 Kenya haikuwa na kebo hata moja ya baharini ya intaneti. Data ya kwenda Ulaya ilipanda angani hadi kwa setilaiti, karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta, ikashuka upande wa pili, na jibu likarudi njia hiyo hiyo. Kwenda na kurudi tu ni kama nusu sekunde, kabla kompyuta yenyewe haijafikiria chochote. Kebo za TEAMS na SEACOM zilianza kufanya kazi Mombasa mwaka 2009, EASSy ikafuata mwaka 2010. Kwa hivyo Januari 2008, wakati benki na maduka yalikuwa yamefungwa katika miji mingi baada ya uchaguzi na watu wakawa wanatumiana pesa na kredo kwa simu ili wale waliokwama wapate chakula, hesabu ya kila shilingi ilikuwa inaenda kuandikwa bara lingine. Bado huwa nashangaa kwamba ilifanya kazi.

Na ilifanya kazi kupita kiasi, hiyo ndiyo ikawa shida. Mfumo uliobuniwa kwa ajili ya kulipa mikopo midogo ukaanza kubebeshwa karo, mishahara, stima, michango ya harusi na ya mazishi. Novemba 2012 ikaongezwa M-Shwari. Mwaka 2013 Lipa na M-Pesa ikaingia madukani. Machi 2015 ikaja KCB M-Pesa. Kila kitu kipya kilikuwa chumba kingine kilichoongezwa kwa nyumba ya msingi ule ule, na mvua ikinyesha, yaani mwisho wa mwezi, mtu husikia mbao zikilia.

Mtu asiyejua kazi hii huuliza: si ni kunakili tu? Unachukua faili, unapeleka pale, mwisho.

Kunakili kweli ni rahisi. Shida ya kwanza ni kwamba biashara haisimami ukinakili. Ukianza kunakili saa mbili usiku na kumaliza saa nane, kuna watu walionunua, waliolipa, waliokopa katika hizo saa sita, na nakala yako inaonyesha dunia ambayo haipo tena. Kwa hivyo unatafuta namna ya kufanya seva mpya imfuate wa zamani nyuma kama kivuli, kila kinachoandikwa huku kiandikwe kule pia, hadi dakika ile unayofunga mlango, unangoja mistari ya mwisho ivuke, unahesabu pande zote mbili, kisha unafungua upande wa pili. Kuhesabu ndiyo kazi yenyewe. Wateja ni wangapi huku, wangapi kule? Jumla ya salio zote ni ngapi? Zikitofautiana kwa shilingi moja huwezi kusema ni shilingi moja tu, kwa sababu inaweza kuwa ni mtu mmoja aliyeongezewa laki na mwingine aliyepunguziwa laki kasoro shilingi.

Halafu kuna saa. Nairobi ikifika saa sita unusu usiku, Ujerumani wakati wa baridi bado ni saa nne unusu usiku wa jana. Wakati wa kiangazi wao husogeza saa zao mbele na tofauti inakuwa saa moja badala ya mbili. Sisi tunaoishi karibu na ikweta hatujawahi kuhangaika na mambo ya kusogeza saa, jua letu lina adabu. Lakini ukihamisha hesabu kutoka seva inayofuata saa za Ulaya hadi inayofuata saa za hapa, lazima uamue malipo ya usiku huo ni ya tarehe gani. Kwa mtu ambaye mkopo wake ulikuwa uishe tarehe 31, hiyo si falsafa. Ni faini.

Na kuna vitu ambavyo hakuna anayekumbuka vipo. Programu fulani iliandikiwa anwani ya seva ya zamani ndani kabisa, na aliyeiandika alienda Kanada. Printa ya risiti inasoma folda ambayo haitahama. Kila ofisi ina hadithi kama hii, sitaki kukuchosha nazo. Ila hii moja nitaisimulia kirefu, kwa sababu ndiyo iliyonifanya nianze kusoma historia ya haya mambo.

Mwaka 2016 nilipewa kazi na Sacco moja ya wakulima wa chai huko Murang'a, kwenye miteremko ya Nyandarua. Mfumo wao ulikuwa wa FoxPro. Vijana hawajui FoxPro, lakini miaka ya tisini nusu ya ofisi za nchi hii zilihesabu pesa kwa FoxPro. Microsoft ilinunua kampuni iliyoitengeneza mwaka 1992, ikaacha kuiendeleza, na Januari 2015 ikafunga kabisa msaada wake. Hapa kwetu haikufa. Ilikuwa inaishi ndani ya kompyuta moja nyeusi chini ya meza ya keshia, imezungukwa na vumbi na waya, na juu yake kulikuwa na karatasi iliyoandikwa kwa kalamu nzito: USIZIME. Maisha ya maelfu ya wakulima yalikuwa ndani ya hicho kisanduku. Waliyekuwa wamemlipa kuwaandikia mfumo hakuwa anashika simu tena.

Siku ya mazoezi ya kwanza, ile ya kujaribu kupakia data kwa seva mpya bila kugusa ya zamani, kazi ilisimama kwa mwanachama wa kwanza kabisa. Si wa mia, wa kwanza. Nikaangalia. Anwani yake: Murang'a.

Kwa asiyejua, lugha ya hifadhidata iitwayo SQL hutumia ile alama ndogo ya juu kuonyesha maneno yanaanzia wapi na kuishia wapi. Ikikutana na Murang'a bila kuandaliwa, inadhani neno limeisha baada ya "Murang", na hiyo "a" inayofuata inaichukua kama amri isiyoeleweka. Dawa yake ni rahisi na kila mtu wa kazi hii anaijua. Niliijua pia, na mazoezi ni ya kuona mambo kama hayo. Lakini nilicheka. Waliobuni lugha hiyo huko California miaka ya sabini hawakuwa na mjomba anayeitwa Ng'ang'a.

Nilipotia dawa, ndipo nikaona vile wenzangu wa zamani walivyokuwa wameishughulikia shida hiyo hiyo. Kulikuwa na Nganga. Kulikuwa na Ng ang a, mwenye nafasi mahali pa alama. Kulikuwa na Ng`ang`a wa alama iliyopinda upande mwingine, kutoka kwa kitufe kile cha juu kushoto cha kibodi. Na kulikuwa na Ng’ang’a, ambalo si jina la mtu bali ni kile kinachotokea alama iliyopambwa na Microsoft Word inaposomwa na programu inayotumia jedwali tofauti la herufi. Wote walikuwa watu wa kweli wenye majani ya chai, na wengine walikuwa mtu yule yule mara mbili. Mwanachama wa hisa alikuwa Ng'ang'a, mwenye mkopo alikuwa Nganga, na mfumo haukujua ni mmoja. Alama hiyo ndogo tuliipokea pamoja na herufi za Kilatini kwa sababu hizo herufi hazikutosha sauti zetu, ndiyo inayotenganisha ng'ombe na ngoma, na miaka mingi baadaye bado inatafuta mahali pa kukaa.

Nambari za simu zilikuwa zimepitia Excel wakati fulani na kupoteza sufuri ya mbele. Nambari za uanachama pia: 0047 ilikuwa imekuwa 47, na kulikuwa na 47 mwingine. Hayo tuliyarekebisha kwa daftari za karatasi. Keshia mkuu, mama aliyekuwa hapo tangu siku za mashine ya kupiga chapa, alizitoa stoo moja baada ya nyingine akipangusa vumbi na kitambaa.

"Kijana wangu," akaniambia, "hii kompyuta iliniahidi sitawahi fungua hizi tena."

Mazoezi ya pili yalienda hadi mwisho. Nikajumlisha hisa. Jumla ilizidi ile iliyokuwa kwa taarifa ya mwaka. Kuzidi kunatisha kuliko kupungua, niamini. Pesa zikipungua unajua kuna kitu hakijavuka, unarudi kukitafuta. Zikizidi, kuna kitu kimevuka ambacho hukukijua.

FoxPro ina tabia moja. Ukifuta mstari, haufutwi. Unawekewa alama ya nyota na kufichwa usionekane kwa skrini wala kwa ripoti, lakini uko pale pale ndani ya faili hadi mtu atoe amri maalum ya kupakia upya faili na kuwatupa waliofutwa. Hapo hakuna aliyewahi kuitoa. Kila kitu kilichofutwa kwa miaka karibu 20 kilikuwa bado kimelala humo, na kifaa cha kuhamisha data, kisichojua habari za nyota, kilikuwa kimewaamsha wote.

Nilichapisha orodha. Mistari mingi ilikuwa makosa ya kuandika tu, mtu ameingizwa mara mbili, akafutwa mara moja. Nikampa yule mama. Akavaa miwani, akapita na kalamu, akikata, akikata. Kisha kalamu ikasimama.

"Huyu alifariki ile mwaka ya El Niño."

Akaendelea. Akasimama tena. Walikuwa tisa. Wanachama tisa waliofariki wakiwa na hisa, ambazo familia zao hazikuwa zimelipwa, na mtu fulani, wakati fulani, alikuwa amewafuta ili ripoti ya mwaka ikae vizuri. Sijui ni nani na mfumo huo haukuwa wa kuandika nani alifanya nini. Meneja wa wakati huo aliona jambo ni rahisi: ripoti za miaka yote haziwahesabu, wakaguzi walishazipitisha, kwa hivyo tuhamishe bila wao. Na kiufundi alikuwa na hoja. Kazi niliyopewa ilikuwa ni kuufanya mfumo mpya ulingane na wa zamani, na wa zamani ulisema hao watu hawapo.

Yule mama alisema sentensi moja, kwa heshima, bila kupandisha sauti: "Mheshimiwa, huyu wa tatu mke wake huja hapa kuuza mayai." Jambo likapelekwa kwa halmashauri ya Sacco. Waliamua mistari yote tisa ihamishwe, ikaingia kwa akaunti ya kusubiri yenye majina yao. Kuna sheria ya mwaka 2011 kuhusu mali ya kifedha isiyodaiwa, na mamlaka yake, ambayo inataka vitu kama hivyo viripotiwe visifichwe, hiyo ilisaidia kuwashawishi waliokuwa wakisitasita. Nilipomaliza mkataba wangu, familia mbili zilikuwa zimelipwa, na muuza mayai alikuwa mmoja wao.

Tangu hapo nimekuwa nikisoma habari za kuhama kwa mifumo mikubwa kama vile wengine wanavyosoma habari za vita. Ile inayotajwa sana na watu wa kazi yangu ni ya benki ya TSB ya Uingereza. TSB ilikuwa imetengwa kutoka Lloyds mwaka 2013, na mwaka 2015 ikanunuliwa na Sabadell ya Uhispania. Lakini hesabu zake bado zilikuwa kwa mitambo ya Lloyds, kama kijana aliyeoa lakini bado analala kwa mamake na analipa kodi kubwa kwa hilo. Sabadell ikatengeneza mfumo mpya, na wikendi ya Aprili 20 hadi 22, 2018, wateja milioni 5.2 wakahamishwa kwa mkupuo mmoja.

Data ilivuka salama. Hilo ndilo linalouma. Kila mstari ulifika, lakini nyumba mpya haikuweza kuwabeba wakaaji wake. Watu walishindwa kuingia kwa akaunti zao, wengine wakaripoti wanaona akaunti za watu wasiowajua, na hadi wateja milioni 1.9 walifungiwa nje kwa wakati fulani. Mambo hayakutulia hadi Desemba mwaka huo. Uchunguzi wa mawakili wa Slaughter and May uligundua kitu ambacho kila mara nikikisoma nashika kichwa: mfumo ule ulikuwa uendeshwe kutoka vituo viwili vya data, na majaribio ya uzito yalifanywa katika kituo kimoja tu. Cha pili kilidhaniwa kiko sawa na cha kwanza. Mwaka 2022 wasimamizi waliitoza benki hiyo faini ya pauni milioni 48.65, na mwaka uliofuata aliyekuwa mkuu wake wa teknolojia akatozwa yake binafsi, pauni 81,620.

Kwa nini hawakurudi walikotoka? Swali zuri, na jibu lake ndilo linalofanya usiku wa kuhama uwe na woga wake. Kabla hujafungua mlango mpya, unaweza kughairi: unawasha seva ya zamani, unaomba radhi, unajaribu mwezi ujao. Lakini mteja wa kwanza akishalipa kwa seva mpya, ile ya zamani imeshakuwa daftari la jana. Ukirudi, malipo yake yanapotea. Baada ya saa moja ni wateja elfu, baada ya asubuhi moja ni nchi nzima.

Sasa chukua hayo yote uyaweke juu ya M-Pesa, Aprili 2015, miaka mitatu kabla ya TSB. Safaricom chini ya Bob Collymore iliamua kufanya mambo mawili kwa pamoja: kubadilisha mfumo wenyewe, kutoka ule wa kizazi cha kwanza hadi mpya uliotengenezwa na Huawei na kuitwa G2, na kuuhamisha kutoka Ujerumani hadi Kenya. Watu wa kazi yangu hushauri usifanye mawili kwa pamoja. Ukihama nyumba, usioe siku hiyo. Lakini naona walivyofikiri. Mfumo wa zamani ulikuwa umeshalemewa, na kuubeba vile ulivyo hadi Nairobi kungekuwa kubeba mzigo uliochakaa kwa nauli kubwa. Wateja walitangaziwa mapema, huduma ikasimamishwa kwa saa kadhaa usiku wakati nchi imelala, na zaidi ya milioni kumi ya Wakenya wakahamishwa pamoja na salio zao. Asubuhi mwanamke wa Gikomba akatuma pesa, na mistari yake miwili ikaandikwa ndani ya mipaka ya nchi yake kwa mara ya kwanza. Nadhani hakuna aliyemwambia.

Hatuna jumba la makumbusho la tukio hilo. Uzinduzi wa 2007 umeandikiwa vitabu na wasomi wa vyuo vikuu vya nje, na hao wanaorudi kila mwaka kuhoji mawakala. Usiku wa 2015 hauna chochote, ingawa kwa maoni yangu ulikuwa mgumu zaidi. Kuanzisha kitu mtu hukianzisha kikiwa tupu. Wale mafundi walikihamisha kikiwa kimejaa watu. Huenda ni kwa sababu ulifaulu, na jambo lililoenda sawa halina wa kulisimulia. TSB ina ripoti ndefu kwa sababu ilianguka.

Hata hivyo nyumba kuhama si hati ya kumiliki kuhama. Jina la M-Pesa na mfumo wake viliendelea kuwa mali ya Vodafone hadi Aprili 2020, Safaricom na Vodacom ya Afrika Kusini walipovinunua kwa pamoja. Daftari lilikuja mwaka 2015, hati ikafuata miaka mitano baadaye. Bodi ya Sarafu ilichukua miaka sita kutoka kuhamia Nairobi hadi benki kuu tatu kufunguliwa. Na katikati ya hayo, Novemba 2019, Kenya ilipata Sheria ya Ulinzi wa Data, ambayo kifungu chake cha 50 kinampa waziri uwezo wa kuagiza kwamba shughuli fulani za data, kwa maslahi ya taifa au kulinda mapato ya serikali, zifanywe kwa seva iliyo ndani ya nchi tu. Kuna wanaoona kifungu hicho ni ulinzi na kuna wanaokiogopa, kwa sababu daftari likiwa karibu na serikali, serikali nayo iko karibu na daftari. Mimi niko na wote wawili kulingana na siku.

Kule Murang'a, mfumo mpya ulifunguliwa Jumatatu moja saa mbili asubuhi. Hesabu zililingana kwa shilingi, tisa wakiwemo. Tulikubaliana kompyuta nyeusi ibaki imewashwa miezi mitatu, ya kusomwa tu, ili mtu akibisha juu ya salio lake tuweze kuangalia. Miezi mitatu ikaisha. Mwaka uliofuata nilipita huko nikielekea kwingine, nikaingia kusalimu. Yule mama alikuwa amestaafu. Kompyuta ilikuwa bado chini ya meza, taa yake ya kijani inawaka, na mtu alikuwa amebadilisha ile karatasi ya USIZIME akaweka mpya, safi, iliyochapishwa.